Fyuzi Ikikatika, Msiikimbilie Kubwa Zaidi: Kwa Wanagenzi wa Boti za Umeme

Wadogo zangu, naandika nikiwa nimeudhika kidogo, na mtanisamehe. Majuzi nilimwona mmoja wenu, kijana mwenye mikono hodari na masikio mazito, akiitoa fyuzi ya ampea 200 iliyokatika, akaitupa bila kuitazama mara mbili, kisha akaanza kupekua kisanduku akitafuta ya 300. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa utulivu kwamba ya 200 haitoshi. Jibu hilo nalifahamu, kwa kuwa niliwahi kulitoa mimi mwenyewe katika boti ya watu hapa Lamu, na nitawaeleza lilinifikisha wapi. Sitawafundisha upya namna ya kuunga seli 16 za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) kwa mfululizo wala maana ya volti 51.2, hayo mnayajua, na baadhi yenu mnayajua kuliko mimi. Nitasema yale ambayo nawaona mkiyakosea tena na tena, kama tulivyoyakosea sisi.

1. Fyuzi inailinda kebo. Hailindi mota, hailindi kontrola inayoiongoza mota, wala haiwekwi pale kwa ajili ya betri. Anzeni na mzigo: mota ya kilowati 6 inavuta takriban ampea 117 betri ikiwa na volti 51.2, lakini kontrola inadai nguvu ileile hata chaji ikishuka, kwa hiyo kwenye volti 46 mkondo unapanda hadi ampea 130. Ongezeni robo juu ya hapo, mtapata kama 163, kisha chagueni fyuzi iliyo juu kidogo ya hesabu hiyo, nayo isizidi kile ambacho jedwali la mtengenezaji linairuhusu kebo yenu kubeba ndani ya sanduku lenye joto. Kama fyuzi inayofaa mzigo ni kubwa kuliko kebo, kinachobadilishwa ni kebo. Mwenye boti atalalamika kuhusu bei ya shaba, mwacheni alalamike.

Mahali pa fyuzi ni karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Viwango vya ABYC vya Marekani, ambavyo mafundi wengi wa boti duniani huvifuata, vinataka fyuzi ikae ndani ya inchi 7, yaani kama sentimita 18, kutoka kwenye chanzo cha umeme, ingawa vinaruhusu umbali zaidi pale ambapo kebo imefunikwa kwa ala ya kuikinga. Kipande cha kebo kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi yeyote, na kila ninapoona mtu ameipeleka fyuzi hadi karibu na usukani "ili nahodha aifikie kwa urahisi," huwa natamani kumkalisha juu ya kipande hicho safari nzima.

2. Ukubwa wa fyuzi si ampea peke yake. Hapa ndipo wengi wenu mliotoka kwenye betri za risasi na asidi mnapopotea, kwa sababu betri ile ya zamani ilikuwa na ukinzani wa ndani uliopunguza mkondo wa shoti na kuwasitiri. Chukueni seli kubwa za ampea-saa 280: kila moja ina ukinzani wa ndani wa kiasi cha robo ya miliomu (elfu moja ya omu), au hata chini ya hapo. Ziungeni 16, ongezeni vipande vya shaba na kebo fupi, mtafika kwenye miliomu 5 hivi. Gawanyeni volti 51.2 kwa miliomu 5, mtaona kwamba shoti moja inaweza kutoa zaidi ya ampea 10,000. Fyuzi ya kawaida ya aina ya ANL, ile bapa ya kufungwa kwa bolti, imeandikiwa kukata ampea 6,000 kwa volti 32, na hapa hatuna volti 32. Yenyewe itayeyuka, ndiyo, lakini moto wa umeme utaendelea kurukia kati ya ncha mbili zilizoachana, na mtakuwa na fyuzi iliyokatika huku mkondo ukiendelea kupita. Kwa hiyo kwenye betri kuu tunatumia fyuzi za aina ya Class T, ambazo hukata ampea 20,000 kwa volti 125 za umeme wa moja kwa moja. Ni ghali. Ziagizeni mapema, pamoja na za akiba.

Breka za nyumbani msizilete kabisa. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde na kumsaidia breka kuzima cheche yake; umeme wa betri haupumziki hata mara moja. Hata breka zinazouzwa kwa ajili ya sola, nyingi za bei nafuu zina upande wa chanya na upande wa hasi, na hukata salama mkondo unapokwenda upande mmoja tu, ilhali mkondo wa betri unatoka wakati wa safari na kuingia wakati wa chaji.

3. Sasa niwaeleze habari ya washa moja, yaani kile kipete bapa cha kuwekwa chini ya nati.

Tulikuwa tumebadilisha mashua ya abiria iliyokuwa ikitumia mashine ya petroli, tukaiwekea mota ya kilowati 6, na sanduku la betri tukaliweka shetri, yaani nyuma ya boti, chini ya ubao wa kukalia. Hesabu zote nilizifanya mwenyewe na zilikuwa sahihi: fyuzi ya 200, kebo ya milimita za mraba 50, kila kitu kwa jedwali. Nilipofika kwenye kishikio cha fyuzi nikakuta bolti yake haina meno hadi chini, kwa hiyo nati ilikuwa inagota kabla ya kuikandamiza lagi, ile ncha ya shaba inayobanwa mwishoni mwa kebo. Badala ya kutafuta bolti nyingine, niliingiza washa ya chuma cha pua chini ya lagi ili kuinyanyua, nikakaza, ikakaza vizuri, nikaridhika. Chuma cha pua kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa kiasi cha mara 40, na nyuso zake mbili za mgusano ni mbaya kuliko chuma chenyewe. Hilo nililijua. Nililijua kama mnavyolijua ninyi, yaani kwenye karatasi.

Miezi ya mwanzo bahari ilikuwa shwari na boti haikufanya kazi nzito. Kusi ilipoanza kuvuma, boti ikawa inapanda kijiji cha Shela ikipingana na upepo na maji kwa pamoja, mota ikiwa kwenye nguvu kamili kwa muda mrefu, na adhuhuri moja fyuzi ikakatika. Nilikwenda na mita yangu, nikatazama kumbukumbu za BMS, kifaa cha kielektroniki kinachosimamia betri, nikaona mkondo haukuwahi kuzidi 130. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza ni kitu gani kilichoikata fyuzi ya 200 kwa ampea 130. Fyuzi hukatika kwa joto, na haijali kama joto hilo linatoka ndani yake au linatoka kwenye bolti ya jirani. Mimi sikujiuliza. Nilisema ya 200 haitoshi, nikaweka ya 300, nikamwambia mwenye boti kwamba zile za mwanzo zilikuwa dhaifu, na akanishukuru, jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

Nahodha alikuwa mzee aliyekulia baharini, na hakuwa na haja ya mita. Siku chache baadaye aliniambia kuna harufu shetri. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba ni gundi mpya, itaisha. Akaniitikia "haya, fundi," kwa sauti ile ambayo wazee wetu humwitikia mtoto anayesema uongo bila kujua. Safari iliyofuata harufu ilimzidi. Alizima mota kabla ya kufika Shela, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku, akakiondoa upesi, akawahamishia abiria wote omo, mbele ya boti, akatweka tanga na kurudi mjini. Bahati yetu ni kwamba alikuwa amekataa katakata mlingoti wake kung'olewa siku tulipofunga mota. Alinipigia simu kunieleza neno moja tu: "Njoo uguse."

Kishikio cha fyuzi kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa na kupinda, ngozi ya kebo imekauka kiasi cha shubiri moja na inapasuka ukiikunja, washa yangu imekuwa ya buluu. Nati ilizunguka kwa vidole, kwa kuwa joto la mchana na baridi ya usiku, pamoja na mtetemo, vilikuwa vimeilegeza. Karakanani niliunga upya kipande kilekile kwa mzigo wa ampea 120, nikapima kati ya lagi na kishikio: robo ya volti. Robo ya volti kwa ampea 120 ni wati 30, sawa na pasi ya kulehemu risasi iliyoachwa ikiwaka ndani ya sanduku lililofungwa. Fyuzi ya kwanza ilikuwa imenionya kwa njia pekee iliyokuwa nayo, nami nikaiondoa na kuweka nyingine isiyosikia. Mwenye boti hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nani huwa wanakaa kwenye ubao ule wa shetri, na sote wawili tulijua kwamba asubuhi ni watoto wa madrasa.

Kwa hiyo: lagi inalala moja kwa moja juu ya shaba, zote mbili zimesuguliwa zikang'aa, kisha washa juu yake, kisha washa ya springi, kisha nati, kwa kipimo cha kukaza alichotoa mtengenezaji na si kwa kipimo cha bega lako. Piga mstari wa rangi juu ya nati na bolti ili ulegevu uonekane kwa macho. Na kumbukeni kwamba kazi ya fyuzi ni kuona mkondo; joto la kiungo italihisi kwa bahati tu, kikiwa jirani yake. Kiungo kibovu kinaweza kuchoma boti nzima kwa mkondo wa kawaida kabisa, na chombo cha kukigundua ni mita iliyowekwa kwenye milivolti wakati mzigo unavuta.

4. Betri mbili sambamba zinahitaji fyuzi mbili, moja kwa kila betri, kwa sababu moja ikipata shoti ndani, nyingine itaimiminia kila ilicho nacho. Kabla ya kuziunga, zijazeni zote mbili kabisa. Msidanganywe na volti kufanana: mstari wa volti wa LFP katikati umelala kiasi kwamba betri yenye chaji ya asilimia 40 na yenye asilimia 70 zinakaribiana mno kwenye mita.

5. BMS si fyuzi. Nyingi zinakata kwa mosfeti, swichi za kielektroniki, na mosfeti ikiungua mara nyingi hubaki ikipitisha mkondo badala ya kuukata. Upande wa pili, BMS ikifanya kazi yake vizuri inaweza kukata ghafla mnapokuwa katikati ya mkondo wa maji wa mlango wa Mkanda, kwa hiyo nahodha apate king'ora na muda wa kupunguza mwendo kabla ya kukatiwa, na taa, redio na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti) zikae kwenye betri yao ndogo ya pembeni yenye fyuzi yake. Nawaona mkizitoa kwenye betri kuu kupitia kigeuzi cha volti ili kuokoa nafasi. Acheni.

6. Kapasita za kontrola zijazwe umeme kwanza kupitia rezista kabla ya kontakta kuu, ile swichi kubwa ya betri, kuunganisha. Omu 100 zinatosha kupunguza mkondo wa kwanza hadi nusu ampea, na mtaacha kuniletea kontakta zilizogandana.

7. Pete, saa na cheni vibaki nyumbani. Spana izungushiwe tepu hadi karibu na mdomo.

8. Sanduku likae juu ya ngama, mahali ambapo maji hayafiki hata siku ambayo kalafati ya kuziba nyufa za mbao imechoka na upo wa kutekea maji haupatikani, mbali na tangi lolote la petroli, penye kivuli, na lenye njia ya hewa kutokea nje, si kuelekea chini ya viti. Lagi zibanwe kwa mashine ya haidroliki, zifunikwe kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto, na kebo iwe ya shaba iliyopakwa bati. Chumvi hupanda ndani ya nyuzi za shaba tupu hadi mahali msipoweza kupaona.

9. Kabla ya kumkabidhi mtu boti yake, ifungeni gatini, mpeni mota mzigo kamili kwa nusu saa, mpime kila kiungo kimoja kimoja kwa milivolti, na viungo vinavyofanana vikitofautiana, fungueni kile kilicho juu. Rudieni baada ya juma la kwanza la kazi. Ndani ya kifuniko andikeni kwa wino usiofutika ukubwa wa kebo na ukubwa wa fyuzi, na katika kisanduku cha akiba kinachobaki botini wekeni fyuzi za ukubwa huo tu.