Tajiri anasema wakili wake anatosha

SWALI: Asalaam aleikum. Ni karani wa zahanati ya kibinafsi hapa Malindi. Kazi yangu ni kuingiza madai ya SHA, bima ya afya ya serikali, kwenye kompyuta. Wapelelezi wanasema tulidai pesa za wagonjwa ambao hawakulazwa. Nimeitwa kuandikisha maelezo Jumatatu. Tajiri anasema wakili wake atanisimamia na mimi. Nikubali?
Dada mwenye wasiwasi, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usikubali. Swali kubwa la kesi kama hii ni nani alijua kwamba kitanda kilikuwa kitupu: aliyeingiza dai, aliyetia saini fomu, au aliyeamuru? Hapo maslahi yako na ya tajiri yanaachana, na wakili wake atamlinda yeye kwanza.

Tafuta wako kabla ya Jumatatu. Lihakiki jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, mtandaoni, maana leseni hutolewa mwaka kwa mwaka. Muulize kama ameshawahi kutetea kesi za jinai zenye hesabu na nyaraka. Hodari wa hatimiliki za mashamba huenda asikufae hapa. Ada iandikwe: ni ya kituo cha polisi tu, au mpaka hukumu? Wengi hugombania hapo.

Kama huna uwezo, iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa. Mahakama nayo yaweza kukupa wakili anayelipwa na serikali, haki isipotendeka bila yeye, lakini hiyo ni wakati wa kesi. Usiingoje.

Jumatatu nenda na wakili. Mara nyingi afisa huuliza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza, na mtu akatia saini asichokisoma. Omba usomewe kwa Kiswahili, sahihisha, ndipo utie saini. Sema ulichofanya na kuona mwenyewe. Ya wengine usiyakisie. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti, idai.

Leo usiku andika tarehe, nani alikuletea fomu, na nani mwingine alitumia nywila yako. Zahanati nyingi nywila moja hutumiwa na watu watatu, na mfumo unaandika jina moja tu. Hifadhi barua ya kazi na jumbe za tajiri. Usifute kitu, usirekebishe rejista, wala usibebe faili za wagonjwa nyumbani: utajiongezea kosa la pili.

Ukishtakiwa, Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kuuona mapema ushahidi wa upande wa mashtaka. Wakili aombe orodha ya madai yenye saa ya kuingizwa, muilinganishe na zamu zako. Dai la saa tatu usiku, nawe ulitoka saa kumi na moja jioni, lina mwenyewe mwingine.