Kazi ya mtandaoni kando ya Ziwa Atitlán: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu miji midogo inayolizunguka Ziwa Atitlán, nyanda za juu za Guatemala, hasa Panajachel na San Pedro La Laguna. Ziwa liko mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku beba sweta.

Wateja wangu wako Dar, wawili wako London. Saa zitaoana? (Arusha)

Zitaoana ukikubali kuamka na majogoo. Guatemala iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9 mwaka mzima. Kule saa hazisogezwi mbele wala nyuma. Ofisi ya Dar ikifunguliwa saa 2 asubuhi, San Pedro ni saa 5 usiku wa siku iliyotangulia. Ikifungwa saa 11 jioni, kule ndiyo kwanza saa 2 asubuhi. Ukikaa mezani saa 11 alfajiri unapata saa tatu kamili na Dar, kisha London inakufuata: tofauti nayo ni saa 6 majira ya baridi na 7 majira ya joto. Kufikia adhuhuri umemaliza.

Kwenye kalenda weka jina la mji, siyo "GMT kutoa 6", maana London ikisogeza saa zake mkutano wote unahama. Na mialiko iandikwe kwa tarakimu, 05:00 au 17:00. "Saa kumi na moja" imeshamkosesha mtu mkutano hata hapa nyumbani.

Intaneti na umeme vinaaminika kwa mikutano ya video? (Nairobi)

Inategemea nyumba kuliko mji. Nyumba moja ina faiba (kebo ya intaneti inayofika hadi ndani), ya jirani yake inavuta mawimbi kutoka mnara wa mbali, na matangazo yote mawili yameandikwa "wifi". Muulize mwenye nyumba hivi: "¿Es fibra o antena?", yaani ni faiba au ni antena? Antena huyumba upepo ukiitikisa au mti ukiota mbele yake, na mwenye nyumba hatakuwa na haraka ya kuupunguza.

Usilipe mwezi kabla hujalala usiku mbili tatu. Pima kati ya saa 1 na saa 3 usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, ukiwa kwenye meza utakayofanyia kazi, siyo pembeni ya rauta. Wengi hutazama kasi ya kushusha tu. Inayokuumbua kwenye mkutano ni ya kupandisha. Picha safi kabisa inataka Mbps 4 (megabiti kwa sekunde) hivi, ukipata 10 una nafasi ya kupumua. Kisha mpigie rafiki simu ya video ya dakika 20. Kipimo cha sekunde 15 hakionyeshi mikatiko.

Msimu wa mvua ni Mei hadi Oktoba, na radi hupenda alasiri. Umeme ukikatika, mara nyingi faiba yenyewe bado ni nzima. Kinachozimika ni rauta yako na kile kisanduku cha faiba. Vingi hutumia volti 12, na kwa pamoja hula wati 15 hadi 20. Pawabenki ya mAh 20,000 ina Wh (wati-saa) 74. Ukitoa kinachopotea kwenye kebo ya kupandisha volti 5 za USB hadi 12 unabaki na kama 60, yaani saa tatu hadi nne. Kosa linalorudiwa ni kugawa kebo moja kwa vifaa viwili. Tundu la kawaida la USB hutoa wati 10 hivi tu, likizidiwa rauta inajizima na kujiwasha kila dakika, halafu lawama anapewa mtoa huduma. Kila kifaa kiwe na kebo yake na tundu lake, na kwanza usome lebo ya kifaa: kikidai ampea 2, kebo hizi hazikiwezi.

Akiba ya mwisho ni simu. Chukua laini mbili, ya Tigo na ya Claro, uone ipi inashika ndani ya chumba chako. Kuta za mawe na milima ya volkano huamua zaidi kuliko ramani ya kampuni.

Nije na birika, pasi na blenda yangu? (Kampala)

Acha. Umeme wa kule ni volti 120, hezi 60, na soketi ni ya pini mbili bapa. Chaja iliyoandikwa INPUT 100–240V haina shida, inahitaji adapta tu. Birika la volti 240 na wati 2,000 kule litatoa wati 500; chai utaipata, lakini hamu itakuwa imekwisha. Blenda itazunguka kivivu na mota yake ipate moto. Nunua vya huko, na usivirudishe nyumbani, vitaungua siku ya kwanza.

Nyumba za zamani hazina ethi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Adapta ya kugeuza pini tatu kuwa mbili haileti ethi, inaficha tu kwamba haipo; ndiyo sababu kompyuta yenye bodi ya chuma hukutekenya mkono ikiwa kwenye chaji. Wakati wa kukagua nyumba washa shawa ya umeme uangalie taa. Shawa ya wati 3,500 kwenye volti 120 huvuta karibu ampea 29. Taa zikififia sana, waya ni mwembamba. Tafuta nyumba nyingine.

Siku 90 za kukaa kama mgeni zikiisha naruka El Salvador na kurudi, sivyo? (Mombasa)

Sivyo. Tangu 2006 Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua zinahesabu siku zako kwa pamoja chini ya makubaliano ya CA-4. Kuvuka kutoka moja kwenda nyingine hakuanzishi hesabu upya. Unaomba nyongeza kwa idara ya uhamiaji, Instituto Guatemalteco de Migración, katika mji mkuu, au unatoka nje ya zote nne, kwa mfano Mexico, ukiwa na viza yake kama pasipoti yako inadaiwa. Hesabu siku ulizogongewa wewe, siyo alizopata Mjerumani wa chumba cha pili.

Anayetaka kibali hasa cha wafanyakazi wa mtandaoni atazame Costa Rica. Sheria yao namba 10008 ya 2021 inadai kipato cha dola 3,000 kwa mwezi, au 4,000 ukija na familia, pamoja na bima ya afya. Kibali ni cha mwaka mmoja, kikiongezeka mwingine mmoja.

Mambo mawili kabla ya tiketi: kupita Marekani, hata kwa kubadilisha ndege tu, kunadai viza yao; na ukitoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo beba cheti cha homa ya manjano, sindano iwe imechomwa siku 10 kabla.

Mahindi ndiyo kwao. Ugali je? (Mbeya)

Hapa ndipo wengi huumbuka. Unga uliojaa madukani, kama Maseca, ni wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Unafaa kwa tortilla, zile chapati zao za mahindi. Ukiusonga unakuwa gundi yenye harufu ya chokaa, na kuuongeza moto hakusaidii. Nenda sokoni, Panajachel au soko kubwa la Sololá siku ya Jumanne na Ijumaa, ununue mahindi meupe makavu (maíz blanco). Huuzwa kwa ratili, gramu 454 kila moja. Vinu vya mtaani vimezoea mahindi yaliyolowa chokaa, basi nunua kinu cha mkono: saga mara ya kwanza kimelegea, ya pili umekikaza, kisha chekecha. Ratili mbili zinatosha watu wanne wenye adabu.

Maji ya kupikia na kunywa yasiwe ya bomba. Nunua yale madumu makubwa ya galoni 5, au chemsha. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na dakika moja ya kutokota inatosha kuua vijidudu. Maharage, kwa sababu hiyohiyo, yatakuchosha bila sufuria ya presha.

Boti ni salama na kompyuta mkononi? (Bujumbura)

Asubuhi, ndiyo. Mchana huvuma upepo uitwao Xocomil, na ziwa linachafuka. Mbele ya boti utarushwa, nyuma utaloa. Kompyuta iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, na usipange mkutano kwa kutegemea boti ya mwisho ya jioni.

Usiku kuna utulivu? (Zanzibar)

Siyo siku ya mtakatifu msimamizi wa mji. San Pedro ni Juni 29, Santiago Atitlán Julai 25, Panajachel Oktoba 4, na sherehe huanza siku kadhaa kabla kwa fataki za alfajiri na vipaza sauti. Wiki hizo hamia kijiji kingine, au waambie wateja mapema.

Bajaji zipo?

Tele, nyingi zikiwa nyekundu. Patana nauli kabla ya kupanda, na uwe na chenji.