Ulinzi wa Mtaa Uanze na Daftari

Kila wimbi la wizi linapouingia mtaa, jambo la kwanza kusemwa kikaoni ni kwamba tuchange fedha, tuongeze walinzi, tuwanunulie tochi na virungu. Nimekuwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu hapa Mbeya kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba hatua hiyo haifai kuwa ya kwanza. Kabla ya kuchanga hata shilingi moja, mtaa unapaswa kujua unaibiwa nini, saa ngapi na kwa njia ipi, na mambo hayo hayajulikani kwa kusimuliana dukani bali kwa kuandika.

Daftari letu ni lile la kaunta, la jalada gumu, nalo hukaa ofisi ya serikali ya mtaa. Tumelipigia mistari ya tarehe, saa, mahali, kitu kilichoibiwa, sehemu aliyoingilia mwizi, na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyosajiliwa kituoni, iwapo aliyeibiwa amefika polisi. Jina la anayeshukiwa haliandikwi humo hata kidogo, kwa sababu daftari hupita mikononi mwa wengi, na jina likishaingia humo mwenye nalo hatakuwa na amani tena hata akionekana hana hatia. Mengine yote huandikwa, mpaka ndoo, kuku, mtungi wa gesi na nguo zilizoanuliwa na asiye mwenyewe. Watu wengi hawaripoti vitu hivyo kwa kuona ni vidogo, lakini anayejaribu mageti kwa kuiba ndoo ndiye anayejifunza nyumba ipi haina mtu.

Kurasa zilipoanza kujaa tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Sote tuliamini kwamba tunaibiwa usiku wa manane, na walinzi walipangwa kwa imani hiyo, kumbe matukio mengi yalikuwa ya mchana, kuanzia saa nne hadi saa nane, wakati wakubwa wako kwenye biashara Mwanjelwa, Kabwe au Uyole na watoto wako shule. Usiku nao una majira yake. Mvua za kwetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na zikipiga bati, mtu anaweza kung'oa nondo za dirisha la sebuleni na wewe uliye chumbani usisikie lolote. Kisha Juni na Julai baridi hukaza, watu hujifungia mapema, na njia hubaki tupu saa mbili tu za usiku. Tulibadili zamu kwa kufuata hayo. Kwa mchana hatukuajiri mtu: tulizungumza na mama wa genge, fundi cherehani na vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao wanashinda hapo hapo na wanaijua sura ngeni kabla ya mlinzi yeyote.

Ushauri wangu wa pili unahusu mali yenyewe. Nimemwona jirani yangu akiwa kituoni, ameonyeshwa televisheni iliyokamatwa, anaijua kabisa kuwa ni yake, lakini hana risiti, hana namba yake ya utambulisho, hana alama yoyote anayoweza kuieleza. Iliniuma sana. Leo jioni, ndugu msomaji, bonyeza *#06# kwenye simu yako na uandike namba itakayotokea, ambayo ndiyo utambulisho wa simu hiyo. Piga picha namba ya injini na ya chesesi ya pikipiki. Nakili namba iliyo nyuma ya televisheni, na vyote uvihifadhi mahali pengine, si ndani ya simu ile ile inayoweza kuibwa. Kwa utapeli wa ujumbe wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao sasa unawaliza hasa wazazi wetu, usiufute tu; ripoti namba hiyo kwenda 15040, kisha kagua kwa *106# kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuhusu polisi, wengi wetu huwatafuta tukiwa tumeshaumia. Polisi jamii, yaani polisi na wananchi kushirikiana kuzuia uhalifu, ilipata msukumo mkubwa tangu 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, na sasa kata zinapangiwa wakaguzi wa polisi wa kushirikiana na wananchi. Mwalikeni mkaguzi wenu kwenye mkutano wa mtaa wakati hakuna tukio, apitie daftari, wakazi wapate namba yake. Dharura ikitokea, 112 ipo.

Hapa lazima niseme wazi. Sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wananchi wenyewe, walitambuliwa kisheria mwaka 1989 na uwezo wa kukamata wanao, lakini uwezo wa kuadhibu hawana, na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kijana anayepigwa mpaka kufa kwa tuhuma za simu ni mtoto wa mtu, na waliompiga wamefanya kosa kubwa kuliko wizi wowote. Tena kijana huyo anaondoka na taarifa ya nani alikuwa akinunua vitu vyetu, na huyo mnunuzi anabaki mtaani akitafuta kijana mwingine. Mkikamata mtu, mkabidhini polisi mara moja, mkiwa wengi wa kushuhudia.

Baada ya hapo kazi bado ipo. Husemwa kila siku kwamba polisi humwachia mwizi, ilhali dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na kesi nyingine hufutwa kwa sababu mlalamikaji na mashahidi hawakutokea, maana kuacha genge siku nzima na kulipa nauli si jambo jepesi. Ndiyo maana katika michango yetu ya ulinzi, ambayo hutolewa stakabadhi na matumizi yake kusomwa mbele ya wakazi, tumetenga fungu la nauli za mashahidi. Mtu akiitwa mahakamani, mjumbe mmoja wa kamati humsindikiza, na tarehe ya kesi inayofuata huandikwa kwenye daftari lile lile.