Chonga Kilicho Getini Kwako: Ushauri kwa Msanii wa Chapa wa Pembezoni mwa Dodoma

Vijana wengi wanaoanza sanaa ya chapa, yaani kuchonga picha kwenye kibao na kuichapa kwenye karatasi, hapa Dodoma huniletea kazi zinazofanana: simba, Mlima Kilimanjaro, Mmasai na mkuki wake. Nikiwauliza wanakaa wapi, huyu Nkuhungu, yule Swaswa, mwingine ndio kwanza amehamia saiti Iyumbu. Na katika kazi zao zote sioni hata kibao kimoja kinachonionyesha huko wanakokaa. Kwa hiyo ushauri ninaoushikilia kuliko wote nautanguliza hapa: chonga kilicho getini kwako, na nakala nzuri ya kwanza umpe jirani uliyemchora.

Mimi nakaa Nzuguni, si mbali na viwanja vya Nanenane. Nachonga picha kwenye kapeti la plastiki au mbao, napaka wino, nachapa kwenye karatasi kwa mkono. Ninachochonga ni mitaa yetu hii mipya. Tangi jeusi juu ya mnara wa tofali. Nondo za dirishani ambazo fundi amezipinda zikawa maua. Msingi uliosimama miaka mpaka mwarobaini ukaota katikati ya sebule. Kigingi cha kiwanja chenye namba, genge la nyanya chini ya mwavuli, ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hiki hakiuzwi.

Wapo watakaokuambia huko hakuna cha kuchora, ni tofali na vumbi tu. Usiwasikilize. Mitaa hii ina historia ingawa mabati yake hayajapauka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuupanga mji, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, viwanja vilipimwa kila upande. Kabla ya vigingi hapa palikuwa na mashamba ya uwele na mtama, na wenyeji wetu Wagogo waliishi kwenye tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa. Mpaka leo ng'ombe hupita jioni kati ya kuta za tofali, kwa sababu njia ni yao kuliko ilivyo yetu. Haya yote yanabadilika mbele ya macho. Kichaka ulichokiona kabla ya masika, ukirudi kiangazi unakuta fremu za maduka. Asipochora anayekaa hapo, nani mwingine atakuja kuchora?

Na mkoa huuhuu una mfano wa kale. Michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina twiga, swala na watu. Waliochora walichora vilivyokuwa karibu nao. Wao walikuwa na twiga. Sisi tuna bajaji na matangi ya maji, na tuna haki ileile.

Kuna pia sababu ya riziki. Dodoma haina watalii wanaopita mtaani kila siku kutafuta picha ya simba, lakini ina maelfu ya nyumba mpya zenye kuta tupu. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, mwalimu aliyejenga kidogokidogo kwa mkopo, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hawa ndio wateja wako. Hakuna anayependa picha ya nyumba kama mtu aliyeijenga mwenyewe tofali kwa tofali.

Lakini kabla ya kuchora nyumba ya mtu, piga hodi. Kwetu ukisimama nje ya geti la mtu na daftari, utadhaniwa umetoka halmashauri ya jiji kuweka alama ya kubomoa, au wewe ni dalali wa kuuza kiwanja mara mbili. Hofu hiyo ina sababu zake, iheshimu. Mimi huanza kwa mjumbe, kisha naenda kwa mwenye nyumba. Kuna mama mmoja mtaani kwetu ambaye tangi lake nililitamani muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mama, naomba ruhusa nichore tangi lako na huo mnara wake."

"Tangi? Watu wanachora maua, wewe unataka tangi?"

"Ndiyo mama. Nimeona majirani wanakuja na ndoo hapa siku za mgao."

Alinyamaza kidogo, akavuta kiti, akanieleza mnara ule ulijengwa lini, nani alibeba tofali, na kwa nini bomba la chini amelitoa nje ya ukuta badala ya ndani. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilibadilika palepale. Ilikuwa na tangi peke yake, ikawa na bomba na foleni ya ndoo. Ndiyo maana nasisitiza kuomba ruhusa: ni adabu, na mara nyingi ndipo picha yenyewe inapopatikana.

Sasa vifaa, kwa maana wengi wanakwama hapa wakisubiri vya kuagiza nje. Linoleamu halisi, kapeti la sakafuni wanalochonga wachapaji wa nje, ile iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton miaka ya 1860 kwa mafuta ya kitani na unga wa vizibo juu ya kitambaa cha juti, huipati kirahisi hapa. Tumia mabaki ya kapeti la plastiki lililo nene na laini upande wa juu. Wauzaji huwa na vipande vya mwisho wa roli visivyotosha chumba, omba hivyo. Kabla ya kuchonga kiweke juani dakika chache kilegee, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Dodoma hukifanya kigumu na patasi huteleza. Patasi nazo usizililie. Chuma cha mwavuli mbovu kina umbo la mfereji tayari. Kikate, kinoe ncha kwenye jiwe, kitie mpini wa mti, unapata patasi ndogo ya kuchonga mistari myembamba kama nyaya za umeme. Mkono ulioshika kibao ukae nyuma ya patasi siku zote, usiwahi kuuweka mbele yake.

Rola ya kupakia wino naitengeneza kwa bomba la plastiki lililovikwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Uvishe mpira kama soksi, bila kuukata na kuuunganisha, kwa sababu kiungo huacha mstari kwenye kila picha. Mashine ya kuchapia si lazima. Mgongo wa kijiko cha mbao unatosha: weka karatasi juu ya kibao chenye wino, anza katikati, sugua kwa miduara midogo ukielekea pembeni, inua kona moja uangalie kama wino umeshika, endelea. Karatasi nyepesi hushika wino vizuri zaidi kwa mkono kuliko ile nzito. Wengi wanaoanza hununua nzito wakidhani ndiyo ya kisanii, kisha wanajitesa bega.

Hewa ya Dodoma inahitaji maneno yake, kwani vitabu vingi vya uchapaji vimeandikwa na watu wa nchi zenye unyevu. Hapa mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi mingine ni ukavu mtupu. Wino wa maji hukauka juu ya kibao kabla hujamaliza kusugua, ukivuta karatasi inachanika. Tumia wino wa mafuta. Upepo wa kiangazi nao unabeba vumbi jekundu linalonata kwenye wino mbichi, kwa hiyo mimi huchapa alfajiri kabla upepo haujaamka, na nakala nazianika ndani kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, dirisha limefungwa, siku kadhaa mpaka zikauke. Kusafisha hakuhitaji maji mengi, na hilo ni neema mahali penye mgao. Futa wino kwa tambara lenye mafuta ya kula, futa tena kwa tambara kavu, kisha sabuni kidogo. Mafuta ya taa yanasafisha haraka zaidi lakini siyatumii tena kwa sababu watoto huwa pale nami.

Katika kupanga picha, mwalimu wangu mkubwa ni kanga. Kanga ni chapa, na mama zetu wamekuwa wakiisoma muda wote: ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina lake chini. Ukichora mtaa ukakwama hujui uanze wapi, jaribu mpango huo. Ukuta na nondo ziwe pindo, tukio liwe katikati, chini uweke mstari mmoja wa maneno. Maneno yatoke kwa wenye mtaa. Chini ya lile tangi niliandika alichosema mama mwenyewe: "Maji hayana jirani mbaya." Maandishi yachonge kinyume, kwa sababu chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Yaandike kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, igeuze, nakili kwenye kibao, kisha yasome kwenye kioo kabla hujagusa patasi. Ukitaka kuona maneno na picha vinavyoweza kukaa pamoja bila kusukumana, tafuta kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987. Alichonga watu wake, kanisa lake na majonzi yake zaidi kwa nyeusi na nyeupe, na sentensi zikiwa ndani ya picha.

Upande wa jamii, nisikufiche, unachukua muda mwingi kuliko kuchonga. Jumamosi mchana nyumbani kwangu kunajaa watoto. Wadogo huanza kuchapa kwa viazi vilivyokatwa nusu, wakubwa nawapa patasi mmojammoja, sio wote kwa pamoja, na anayeshika patasi hakai karibu na mwenzake. Nimejifunza kuwatuma kwanza wakatazame. "Nenda kwenu uhesabu nondo za dirisha, urudi uniambie zimepindwa vipi." Mtoto hurudi akikimbia, "Anti, letu lina mioyo!" na amekaa kwenye nyumba ile tangu azaliwe. Hapo amekwisha kuwa msanii, kuchonga atajifunza taratibu.

Wakubwa nao washirikishe kwa kitu wanachokihitaji. Mwenyekiti wa mtaa alipotaka watu wajitokeze kwenye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulichonga tangazo na watoto, tukachapa nakala za kubandika dukani, kwenye kijiwe cha bodaboda na kwa wakala wa fedha. Lilisomwa kwa sababu kila mtu aliitambua ile kona iliyochorwa, na mfereji ulioziba pale. Mexico wasanii walifanya kazi ya aina hiyo kwa pamoja tangu mwaka 1937, katika karakana yao ya Taller de Gráfica Popular, wakichapa mabango ya vyama vya wafanyakazi na kampeni za kusoma na kuandika. Sisi wenyewe tulikuwa na Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1972, ambako wasanii akina George Lilanga walifanya kazi chini ya paa moja. Karakana ya pamoja inapunguza gharama: rola moja, kopo moja la wino, watu watano. Natamani kila kata ya Dodoma iwe nayo, na sioni kwa nini isiwezekane kuanzia kwenye baraza la mtu.

Maonyesho fanya mtaani kwanza. Kamba mbili kati ya miarobaini, vibanio, asubuhi kabla ya upepo, na taarifa kwa mwenyekiti mapema. Watu watapita wakienda sokoni, watasimama, watabishana hilo ni geti la nani. Ubishi huo ndio nauandika daftarini, unazaa kibao kinachofuata.

Bei weka moja na uiseme bila aibu. Nakala ya ukubwa wa A4 nauza shilingi 15,000, awe jirani au mgeni aliyeshuka na gari kubwa. Anayeomba kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi namkubalia, nami nimekuta watu ni waaminifu. Ukianza kubadilisha bei kwa kutazama viatu vya mtu, mtaa utajua kabla jua halijazama. Kila nakala iandikwe kwa penseli chini ya picha: kushoto namba, kwa mfano 3/20, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, katikati jina la kazi, kulia sahihi yako. Ukisema ishirini, ziwe ishirini. Mnunuzi ameamini penseli yako.

Kwingine msanii akimaliza nakala zake hukichana kibao kwa patasi ili kisitumike tena. Mimi siwezi kuukata uso wa mtaa wetu kwa ajili ya soko. Nakala zenye namba zikiisha, kibao nakiosha, naandika nyuma yake mahali palipochorwa na mwaka, nakiweka kwenye sanduku ambalo watoto wanaruhusiwa kufungua. Wao huchapa kwenye magunia na vitambaa bila namba wala sahihi, kwa rangi wanayotaka, na anayehama mtaa huondoka na kitambaa cha kona yake. Kama kibao ni cha nyumba ya mtu, muulize kwanza mwenyewe kama anakitaka. Wengine wanakitundika sebuleni kibao chenyewe, na wanakipenda kuliko picha.