Molekuli sita za maji: pete au kizimba?

Swali: Nafundisha kemia kidato cha tano na sita, na mwanafunzi wangu amenikwamisha. Kitabu kimoja kinasema kishada cha molekuli sita za maji kina umbo la pete, makala nyingine inasema ni kizimba. Ipi sahihi? Halafu wanazipataje sita tu, wakati maji yakipozwa yanaganda yote? Na je, vishada hivyo vimo kwenye hewa ya kawaida?

Jibu: Mwalimu, zote mbili ni sahihi, na mwanafunzi wako amegusa penyewe. Umbo analolipata mtafiti linategemea njia aliyotumia kupoza.

Tuanze na hiyo baridi, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika maabara hizi haikuwekwa ili igandishe maji. Bondi ya hidrojeni inayoshika molekuli mbili za maji inavunjwa na kilojuli 13 hivi kwa moli, ilhali bondi ya O–H ndani ya molekuli yenyewe inadai zaidi ya 450. Kitu dhaifu namna hiyo hakidumu kwenye mvuke wa moto. Tena molekuli mbili zikigongana peke yao hazishikani: nishati inayotoka zinapokutana haina pa kwenda, inabaki humo humo na kuzitenganisha papo hapo. Lazima awepo wa tatu, tuseme atomi ya agoni, aondoke na nishati hiyo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mbeba nishati, pamoja na uhaba wa maji, ili kishada kisipate cha kujiongezea mpaka kikawa barafu.

Njia ya kwanza ni mpuliko wa kasi kuliko sauti. Unachanganya mvuke kidogo wa maji na gesi nyingi ya agoni au neoni, unaigandamiza kwa shinikizo la angahewa kadhaa, kisha unaifungulia kwenye ombwe kupitia tundu lisilofika milimita moja. Agoni iliyoanza kwenye joto la chumba inatoka kwa mita 550 hivi kwa sekunde. Wanafunzi watauliza: kasi yote hiyo, baridi inatoka wapi? Jotoridi la gesi halipimwi kwa kasi ya jumla bali kwa tofauti ya kasi kati ya atomi na atomi. Watu waliojaa stendi wanapigana vikumbo. Wakishapanda basi moja wote wanakwenda kilomita 80 kwa saa na hakuna anayemgusa mwenzake. Ndani ya mpuliko tofauti hiyo inashuka hadi kelvini chache. Migongano michache ya mwanzo, karibu kabisa na tundu, ndiyo inayounda vishada. Baada ya hapo gesi imetawanyika mno, kila kishada kinasafiri peke yake.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Heliamu safi sana inapozwa hadi kati ya kelvini 10 na 20, kisha inasukumwa kupitia kitundu cha mikromita 5. Yanatoka matone ya atomi elfu kadhaa, kila tone likiwa na kipenyo cha nanomita chache. Tone linajipoza lenyewe kwa kuvukiza atomi zake mpaka linatulia kwenye kelvini 0.37. Likipita kwenye chumba kidogo chenye mvuke mwembamba wa maji, linameza molekuli moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Kila zinapoungana, nishati inamalizwa na heliamu: kila atomi inayovukizwa inaondoka na takriban vizio 5 (vizio vya sentimita kinyume, cm⁻¹, vinavyopimia nishati na pia mtetemo), na kuungana kwa molekuli mbili za kwanza kunatoa vizio 1,100 hivi. Fanya hesabu ubaoni: atomi zaidi ya 200 zinatoka, na tone bado lipo, baridi ile ile. Isitoshe, heliamu ya humo haina mnato. Mwaka 1998 Grebenev, Toennies na Vilesov, huko Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba molekuli ya OCS (yenye oksijeni, kaboni na salfa) inazunguka ndani ya tone la heliamu-4 karibu kama iko huru.

Sasa, utajuaje zimeingia sita? Huzihesabu moja moja. Unapiga matone kwa leza ya infraredi. Kishada kikifyonza mwanga, kinaupeleka kwenye heliamu, atomi mia kadhaa zinavukizwa, na kigunduzi mbele kinaona tone limepungua. Kisha unacheza na shinikizo la mvuke. Likiwa dogo, ukilizidisha mara mbili, mstari wa ufyonzaji wa vishada vya molekuli mbili unakua mara nne, wa tatu mara nane, na kuendelea. Mstari wenyewe pia unahama: bondi za hidrojeni zikiimarika, mtetemo wa O–H unashuka, kutoka vizio 3,600 hivi kwa kishada cha molekuli mbili hadi karibu 3,300 kwa pete ya molekuli sita.

Nauta na Miller, huko North Carolina, waliiona pete hiyo ndani ya heliamu mwaka 2000. Miaka minne kabla, kundi la Saykally la Berkeley lilikuwa limeona kizimba kwa kutumia mpuliko. Tofauti inatoka wapi? Vishada vya molekuli tatu, nne na tano vyote ni pete. Ndani ya heliamu, molekuli ya sita inakuta pete ya molekuli tano imeshakaa, inajipenyeza kati ya mbili, na nishati inanyonywa haraka mno kiasi kwamba kishada hakipati fursa ya kujikunja upya. Kinakwama kwenye umbo ambalo si la nishati ya chini kabisa. Kwenye mpuliko kishada kinabaki na joto kwa muda mrefu kidogo, kinajaribu maumbo, kinashuka. Mwaka 2012 Pérez, Pate na wenzao walikuta kizimba, mche na umbo la kitabu kilichofunguliwa, vyote kwenye mpuliko. Walipobadilisha hali ya upozaji na kulinganisha wingi wa kila umbo, kizimba ndicho kilichodhihirika kuwa cha nishati ya chini kabisa. Mche unakifuata kwa karibu sana, ndiyo maana wanaokokotoa nishati za maumbo haya kwa kompyuta wamebishana kwa miaka.

Kwa hiyo kitabu kisichotaja njia ya kupoza kimemnyima mwanafunzi nusu ya jibu.

Kuhusu hewa: ndiyo, vishada vya molekuli mbili vimo, lakini ni sehemu ndogo sana ya mvuke wote wa maji. Mwaka 2013 Tretyakov na wenzake walichapisha spektra ya mzunguko ya vishada hivyo kwenye mvuke wa maji ulio kwenye joto la kawaida la chumba, kwa mawimbi ya milimita. Vya sita havitegemewi humo kwa kiasi cha kupimika, kwa sababu kila molekuli inayoongezwa inapoteza uhuru wake wa kuzurura, na kwenye joto letu hasara hiyo inazidi faida ya bondi.