Embe bovu, embe baya, na lifti yenye "changamoto"

Msomaji wa Morogoro anaeleza kwamba mwanawe aliandika "embe baya", mwalimu akalikata kwa wino mwekundu na kuweka "embe bovu". Anauliza: si yale yale?

Si yale yale. Bovu ni ndugu wa kuoza: kitu kilikuwa kizima, kikaharibika. Wahenga waliposema nazi mbovu harabu ya nzima, walijua kinyume cha mbovu ni nzima, wala si nzuri. Ndiyo tukapata jino bovu, gari bovu, barabara mbovu. Baya ni mpinzani wa zuri: sura, ladha, habari, bahati. Embe changa lenye ukakasi ni baya mdomoni, lakini ubovu halina. Kwa hiyo, kama mtoto alimaanisha ladha, mwalimu kamwonea. Kama lilikuwa na funza, kalamu nyekundu ilistahili.

Ila nikuambie ukweli, bora hao wanaogombana kuhusu bovu na baya. Wengine wameyatupa yote mawili, wamebaki na "changamoto". Siku hizi hakuna kibovu nchini! Kuna jengo moja mjini, mlangoni pa lifti wamebandika karatasi: "Lifti ina changamoto, samahani kwa usumbufu." Changamoto gani? Changamoto ni jambo linalokuchokoza ujitutumue. Watu wa mpira kombe lao waliliita Kombe la Chalenji, yaani neno hilohilo kwa Kiingereza, na angalau pale timu zinapambana kweli. Lifti imemchokoza nani? Mimi ndiye niliyepanda ngazi hadi ghorofa ya sita, shati limelowa, nikipishana na mama aliyebeba mtoto mgongoni na faili kwapani. Wenye changamoto tulikuwa sisi. Yenyewe ilikuwa imetulia chini, mlango nusu wazi, nyaya nje. Niliporudi siku nyingine, karatasi ilikuwa imebadilishwa: "Lifti bado ina changamoto."

Unaona ujanja wake? Ukiandika "lifti ni mbovu", mtu atauliza fundi yuko wapi. Ukiandika "changamoto", watu wanaombwa uvumilivu, na fundi haitwi.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mfanyabiashara ambaye mtaji umeyumba akisema anapitia changamoto, namwachia, anajipa moyo. Lifti haina moyo wa kujipa. Ni mbovu. Itengenezwe.