Mto Nyoka au Mto wa Nyoka? Majina kwenye ramani ya dunia ya kubuni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya inayotokea katika dunia niliyoibuni mwenyewe, na mwanzoni mwa kitabu nataka kuweka ramani. Nimeshaichora, lakini kila anayeiona anasema haiaminiki, ati inasomeka kama imetoka kwingine ikavalishwa Kiswahili. Naomba kujua: niandike Mto Nyoka au Mto wa Nyoka? Ufalme wangu unaitwa Kizaru. Je, Kizaru kilishambuliwa au ilishambuliwa? Na je, naruhusiwa kutumia kaskazini na kusini katika dunia isiyo hii yetu? Picha ya ramani nimeiambatisha. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Ramani nimeipata na nimeitazama kwa starehe. Mkono wa kuchora unao. Walioilalamikia hawajakuonea, ila kinachowasumbua kwa sehemu kubwa si mchoro bali maandishi yaliyo juu yake. Tuanze na mto.

Mto Nyoka na Mto wa Nyoka yote mawili ni Kiswahili safi, lakini hayasemi jambo moja. Ukiandika Mto Nyoka, Nyoka ni jina tu la mto huo, kama ulivyo Mto Rufiji, Mto Tana au Mto Ruvuma, na msomaji hatarajii kumwona nyoka. Ukiingiza "wa", umeeleza hali: huo ni mto wenye nyoka. Tunao mji chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, jirani na Ziwa Manyara, unaoitwa Mto wa Mbu, na aliyelala pale bila chandarua hahitaji kuelezwa sababu. Hakuna aliyewahi kuuita Mto Mbu. Mbu hapo bado ni mdudu.

Kwa hiyo jiulize kama watu wa dunia yako bado wanawaogopa nyoka wa mto ule, au jina ni la mababu na nyoka wenyewe walishakwisha. Katika ramani yako mto huo unapita katikati ya ufalme mkongwe kuliko zote, kwenye kingo zilizojaa vijiji. Mimi ningeandika Mto Nyoka, kisha nimwache bibi mmoja katika sura ya tatu asimulie nyoka walikwenda wapi.

Ila kanuni hiyo usiitandaze ramani nzima, maana Kiswahili hakiyatendei maumbile yote sawasawa. Mto, ziwa na mlima hushikana na jina moja kwa moja: Mto Pangani, Ziwa Rukwa, Mlima Meru. Vingine hudai -a ya kuunganisha: Kisiwa cha Mafia, Bahari ya Hindi, Ghuba ya Aden, Jangwa la Sahara, Rasi ya Matumaini Mema, Msitu wa Arabuko-Sokoke. Mlima wenyewe ukiwa mmoja ni Mlima Meru, lakini safu nzima ni Milima ya Usambara, Milima ya Uluguru, kwa kuwa Usambara na Uluguru ni nchi na milima ni ya nchi hizo. Wewe umeandika Ziwa la Sirimu na Kisiwa Bwaro, yaani umenyang'anya panapohitajika ukatia pasipohitajika. Ni Ziwa Sirimu na Kisiwa cha Bwaro. Milima Kivuli nayo imenikwaza. Kivuli ni nomino, nayo bado haijawa jina la mtu wala la nchi, hivyo ni Milima ya Kivuli. Kingekuwa kivumishi, kama ilivyo Mji Mkongwe kule Unguja, kingefuata nomino bila kuomba ruhusa.

Sasa Kizaru. Jina la mahali likisimama peke yake, lisahau umbo lake. Tunasema Kigoma imekua, Kilwa ilistawi, Mwanza ina mawe, Mafia ina papa potwe. Humsikii mtu akisema Kigoma kimekua, ingawa jina limeanza na ki-, wala Mafia yana papa potwe kwa sababu tu limeanza na ma-. Basi Kizaru ilishambuliwa. Ukitanguliza nomino, hiyo ndiyo inayotawala sentensi: Ufalme wa Kizaru ulishambuliwa, Ziwa Sirimu lilikauka, Mto Nyoka ulifurika. Majina yenye -ni yana uhuru zaidi. Magomeni imebadilika na Magomeni kumebadilika yote hutamkwa. La kwanza linauona mtaa kwa mbali kama kitu kimoja, la pili linakuingiza mitaani. Kwa mwandishi wa hadithi tofauti hiyo ni mali.

Lakini jina Kizaru lina shida iliyo kubwa kuliko ngeli, na hukuiuliza. Mswahili akilisikia anafikiri ni lugha. Kama wapo Wazaru na wanasema Kizaru, nchi yao itakuwa Uzaru. Ndivyo tulivyopata Usukuma, Unyamwezi na Ugogo, na wageni pia tumewapitisha humo humo: Ureno, Uajemi, Ugiriki, Uholanzi. Hata Uganda ni hivyo. Ufalme wenyewe kwa wenyeji ni Buganda, na jina lililokaa kwenye ramani za dunia lina u- ya Kiswahili. Shina lako moja, -zaru, linakupa mtu, watu, lugha, nchi, na juu ya hayo namna ya kufanya mambo: kula kizaru, kujenga kizaru, kuapa kizaru. Waandishi wa lugha nyingine hutoa jasho kubuni majina manne yanayofanana ili msomaji ajue ni ya kabila moja, na sisi tunaipata kazi hiyo bure kwa kubadili kiambishi. Andika Ufalme wa Uzaru. Kizaru ukilipenda sana, liache liwe la lugha, au la mji mdogo usio na uhusiano na kabila, kama Kibaha au Kisarawe.

Hapa ndipo nafikia kile nadhani rafiki zako walikuwa wanakitafutia maneno. Kwenye ramani yako nasoma Bahari ya Giza, Msitu wa Mauti, Bonde la Kilio, Ngome ya Damu. Ndugu yangu, nani alikaa jirani na msitu huo akazoea kumwambia mkewe, "Nakwenda Msitu wa Mauti, narudi na kuni"? Majina hayo yametungwa na mtu anayeitazama nchi kutoka juu, naye ana nia ya kututisha. Majina ya watu huanzia miguuni. Mbuyuni palikuwa na mbuyu, Mkunazini mkunazi, Kisimani kisima, Mtoni mto. Bandika -ni kwenye nomino yoyote ya kawaida na umepata kijiji. Usilibandike tu kwenye jina ambalo tayari ni la pekee. Hatusemi Rufijini, basi usiandike Sirimuni.

Na majina hubaki mambo yakishaondoka. Nenda Unguja mjini. Soko kubwa liko Darajani, na daraja hulioni. Ukivuka barabara unaingia Ng'ambo, na hakuna maji uliyoyavuka. Zamani palikuwa na hori, mkono mwembamba wa bahari, lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Hori likafukiwa, ikapita barabara, majina yakabaki yamekaa palepale. Tena Ng'ambo ni ng'ambo kwa nani? Kwa aliyesimama Mji Mkongwe. Aliyezaliwa upande ule naye analitumia jina hilohilo, ingawa kwake ng'ambo ni kule kwingine. Jina hilo moja linakusimulia nani alikuwa na sauti katika mji. Dar es Salaam nako kuna Jangwani, ambako mvua kubwa zikinyesha Mto Msimbazi unapanda hadi barabarani na mabasi yanasitishwa. Mpe msomaji wako Darajani moja isiyo na daraja, na ramani itazeeka miaka mia mbili bila wewe kuandika ukurasa wa historia.

Kuna jambo jingine ambalo ramani za kubuni hulikimbia, nalo ni majina kufanana. Mkoani Lindi kuna Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, kila moja ikiwa na zama zake: ya kwanza ni mji wa kale wa magofu, ya pili ilikuja juu karne ya 19, ya tatu ndiyo makao ya wilaya leo. Miji huhama na jina lake. Kinyume chake pia hutokea, kitu kimoja kikabeba majina matatu: kule Kenya maji ya Mto Athi yakishuka huitwa Galana, na yakikaribia bahari upande wa Malindi ni Sabaki. Mto wako Nyoka unapita nchi tatu zenye lugha tatu. Kwa nini wote wauite Nyoka?

Maadamu tuko mtoni, umeandika "tawimto" mara nne, na mara zote nne pabaya. Tawimto ni mto mdogo unaoingia katika mkubwa. Neno tawi limekupotosha ukadhani maji yanachanua kama mti kutoka shinani kwenda nje, ndiyo maana mto wako unatoka mlimani ukiwa mmoja na kugawanyika kila upande nchini. Maji hufanya kinyume chake: hutafuta bonde na kukusanyika. Kilombero na Luwegu zinakutana ndipo jina Rufiji linaanza. Ruaha Mkuu unaongezeka baadaye. Kugawanyika huja mwishoni, kwenye delta, mto unapochoka kwenye tambarare na kumwaga mchanga wake kabla ya bahari. Hapo sema mikono ya mto. Ziwa Sirimu nalo umelipa mito miwili inayotoka. Ziwa Victoria linapokea mito mingi, Kagera ukiwa mkubwa wao, lakini linatoa mto mmoja tu, Nile, pale Jinja. Ziwa Tanganyika, kwa urefu wake wote, linatolea Lukuga peke yake kuelekea Kongo. Rukwa halitoi kabisa, na maji yake yana magadi. Chagua moja ya njia hizo. Ukichagua ya Rukwa, wape Wazaru biashara ya chumvi.

Kuhusu kaskazini na kusini, ruhusa unayo, ila jua unachokibeba. Kaskazini ni upande wa kaskazi na kusini ni upande wa kusi, zile pepo mbili za msimu zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na India na kuyarudisha. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu, ya jua kuchomoza na kuzama. Kwa hiyo dira yetu ina upepo upande mmoja na jua upande mwingine, na inamwelekea mtu wa pwani. Mabaharia wa zamani walikuwa na maneno mengine pia: kibla kwa upande wa kaskazini, kwa kuwa ukiwa pwani yetu Makka iko huko, suheli kwa kusini, ambalo ni jina la nyota, na matlai kwa mashariki. Kama Wazaru ni watu wa bara wasiojua bahari, wape upande wa mlima na upande wa ziwa, maawio na machweo. Kama ni wavuvi, kaskazini na kusini zitawakaa vizuri, na hapo chora na hizo pepo zenyewe.

Kwenye dira usiandike herufi mojamoja. Kaskazini na kusini zote ni K, mashariki na magharibi zote ni M, na ramani nyingi za wanafunzi zimemchanganya mwalimu kwa hilo. Kas., Kus., Mash. na Magh. zinatosha, au weka mshale mmoja wa kaskazini na uache. Kipimio nacho kinaweza kuwa cha mwendo wa siku badala ya kilomita. Ufunguo uwe mfupi.

Ukishachora pepo, itabidi uguse jambo moja la mwisho. Bahari yako iko mashariki na Milima ya Kivuli imesimama karibu nayo. Wewe uko Morogoro, na milima ya Uluguru unaiona dirishani: mteremko wake wa mashariki, unaopokea upepo wa baharini, ndio wenye mvua na misitu minene, na ukivuka kwenda magharibi ukavu unaanza. Jangwa la Hamuri umeliweka baina ya milima na pwani, palepale ambapo mvua ingemwagika. Lihamishe nyuma ya milima, na hapo lilipokuwa andika Migombani.